Turubai Nililolifunga kwa Baba Mkubwa

Nichekeni sasa hivi mmalize kabisa, halafu mniache nisimulie, kwa sababu nikisubiri aibu hii iishe ndipo niseme nitazeeka nayo, na tayari kule Momba kuna ukoo mzima unaoniita Mkwe Turubai, hata watoto wa darasa la kwanza.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Tunduma, kijiwe changu kiko karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, na nilikuwa nimefunga injini ndogo ya petroli kwenye baiskeli yangu ya zamani (inalia kama mashine ya kusaga, lakini inakwenda). Basi nikaamua kwamba siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Neema, mchumba wangu, huko Kamsamba, Momba, nitakwenda na chombo nilichokiunda kwa mikono yangu, siku tatu, nikilala njiani kwenye kambi yangu mwenyewe, ili baba yake aone binti anachukuliwa na mwanaume wa namna gani. Neema aliniambia nipande gari kama watu wengine. Sikumsikiliza.

Hema sikuwa nalo. Nilikuwa na turubai la lori, la bluu, nililopewa na dereva mmoja, kubwa hivi kwamba ukilifunga vizuri wanakaa watu thelathini chini yake (mimi nilikuwa mmoja). Likumbukeni hilo turubai.

Siku ya kwanza ilinidanganya. Nilipita Vwawa, nikakunja Mlowo, nikalala pembeni ya shamba la kahawa la familia moja ambayo ilinipa parachichi na maji ya moto ya kuoga, na asubuhi wakatoka wote kuniaga, nami nikaondoka nikijiona mtu. Siku ya pili njia ikaanza kuteremka, joto likapanda, mnyororo ukakatika mara mbili, na kwenye saa tisa alasiri nikaingia kijiji cha Mzee Simbeye, baba mkubwa wake Neema, ambako nilielekezwa nilale. Mzee huyu, mke wake alishafariki, anaishi peke yake, na ndiye mkubwa wa ukoo. Kesho yake ndiye angekaa pale Kamsamba kunisikiliza, na akisema hapana, baba mzazi hana la kuongeza. Hakuwahi kuniona wala mimi sikuwahi kumwona, ila nilikuwa namwogopa toka Tunduma.

Nyumbani nilikuta kimya. Jirani yake, Mama Daudi, alikuwa anatoka na ndoo kwenda kisimani.

"Mzee amezidiwa alfajiri," akaniambia. "Bodaboda imempeleka zahanati. Wewe ingia ndani tu, baba, umsubiri."

"Hali yake ikoje?"

"Mungu anajua," akasema, akaenda zake.

Sasa hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniharibia. Mlango ulikuwa umeegeshwa tu, ningeingia nikakaa, lakini nikajiuliza, mkwe ambaye hata hajatambulishwa anaingiaje nyumba ya wakwe wenyewe hawapo, atakutwa amekaa kwenye kiti cha nani? Nikasema hapana, nitaonyesha adabu, nitapiga kambi yangu nje. Nikakata miti, nikalifunga turubai lote pale uwanjani mbele ya nyumba (nusu yake ingetosha, lakini nilitaka mzee akirudi aone kazi), nikakokota magogo mawili, nikawasha moto nichemshe chai. Nikarudi nyuma hatua chache nikaiangalia kambi yangu na nikaipenda.

Nyinyi mmeshaelewa, naona mnaanza kushikana mabega. Mwenye nyumba ametoka alfajiri akiwa hoi, jioni turubai limefungwa mbele ya nyumba yake na magogo yanawaka uwanjani. Mtu yeyote wa kwetu akiona hivyo hahitaji kuambiwa kitu. Mimi, mtoto wa hapa hapa, nisiyekosa msiba hata mmoja mtaani kwetu, sikuona chochote zaidi ya chai yangu.

Mama Daudi akarudi. Akasimama pale njiani na ndoo yake kichwani, akaangalia turubai, akaangalia moto, akashusha ndoo taratibu, akashika kichwa kwa mikono miwili akaanza kulia kwa sauti.

Nikajua huyu mama amepata habari kisimani, mzee amefia zahanati. Yeye, kumbe, alidhani mimi ndiye niliyepigiwa simu kutoka zahanati kwamba mzee amefariki, ndiyo maana nimefunga turubai. Kabla sijafungua mdomo watu wakaanza kuingia kutoka kila upande, wanaume wakinipa mkono bila maneno na kukaa, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, huyu na kuni, yule na unga, mwingine na sufuria ya kupikia harusini. Mabenchi ya kanisani yakafika. Mzee wa kanisa akaanzisha pambio. Mtu mmoja akaniinamia akauliza, "Ilikuwa saa ngapi?" nami nikadhani anauliza nimefika saa ngapi, nikamjibu saa tisa hivi, akatikisa kichwa akawapelekea wenzake ile saa tisa yangu.

Mtasema, si ungeuliza? Niulize nini? Unaanzaje kuuliza nani amekufa kwenye msiba uliokukuta wewe umeshakaa, tena chini ya turubai lako? Kichwa kilikuwa kimevurugika kabisa. Nililia, sikatai, na nilikuwa najililia mwenyewe zaidi, maana aliyekuwa anisikilize kesho ametangulia. Halafu nikafanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka nafunika uso: nikapanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao, nikampigia Neema.

"Neema, jikaze. Baba Mkubwa ametutoka."

Nilisikia simu ikianguka, halafu nikasikia nyumba nzima ya Kamsamba ikilia.

Kigiza kilipoanza kuingia nilikuwa nimekaa kwenye gogo, pembeni kabisa kama ilivyo kwa mgeni. Akaja mzee mmoja kwa miguu, amevaa koti, mkononi ana kimfuko cha dawa. Akavua kofia, akakaa karibu yangu, akainama muda mrefu akisikiliza pambio. Nikamwamkia kwa sauti ya chini, akaitikia.

"Kijana," akaninong'oneza, "nani ametutoka?"

"Mwenye nyumba, mzee. Mzee Simbeye."

Akaiangalia nyumba, akaliangalia turubai, akaniangalia mimi.

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Sijui, mzee. Alizidiwa alfajiri. Mimi ni mgeni, ni mkwe, yaani nilikuwa nije nitambulishwe kesho. Kwa Neema. Na sasa hata sijui nani atanisemea."

Machozi yakanitoka tena, mzee akanitazama nikiyafuta kwa mkono wenye grisi. Pambio lilipoisha akasimama, akavaa kofia yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Daudi, mimi nimechomwa sindano na sijala toka asubuhi. Hayo maharage yameiva?"

Sitasimulia yote yaliyofuata. Wako waliopita juu ya mabenchi. Mzee wa kanisa alikimbia mpaka barabarani na kitabu chake. Mimi nilibaki nimekaa kwenye lile gogo, sijui nisimame au nipige magoti, na nilipokumbuka simu niliyopiga nikapanda tena kichuguu, lakini kwa Neema simu haikupokelewa. Asubuhi na mapema Fuso likafika kutoka Kamsamba limejaa ukoo mzima unalia, na mama mkwe wangu akashuka mikono kichwani, akamkuta shemeji yake amekaa chini ya turubai la bluu anakunywa uji.

Utambulisho ulifanyika hapo hapo, kwenye mabenchi ya msiba, kwa chakula cha msiba. Baba yake Neema alinitazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia, na Neema mwenyewe hakunitazama kabisa. Nikajua nimemkosa. Ndipo Mzee Simbeye akainua mkono watu wakanyamaza.

"Huyu nimemwona akinililia," akasema. "Nilikaa naye bega kwa bega, hanijui. Nyinyi wengine nitawaona siku yangu, au sitawaona. Binti apewe. Ila turubai libaki hapa. Amelileta kwa ajili yangu, na lisubiri."

Tumeoana, na baiskeli bado naiendesha, lakini siku hizi nikifika kwa mtu naingia ndani hata kama ni kukaa jikoni na kuku, wala sitafunga tena hata kitambaa mbele ya nyumba ya mtu aliye hai. Turubai liko kwa Mzee Simbeye, limekunjwa juu ya kabati. Kila tukienda kumsalimia hunituma nilishushe, nilikung'ute vumbi, niangalie kama panya hawajalitoboa, kisha nilirudishe juu taratibu, naye amekaa kwenye kiti chake anahakikisha nimelikunja vizuri.