Filimbi Alivyoyatangulia Mafuta ya Taa

"Sauti yangu itashuka siku mafuta ya taa yatakaposhuka bei," alisema Filimbi redioni akiwa na miaka kumi na mitano, albamu ya kwanza ikiwa na wiki mbili sokoni. Lita ilikuwa elfu tatu. Mtangazaji alicheka mpaka akasahau kutaja saa.

Tulimwita Filimbi kwa sababu ya noti moja ya juu ya sauti yake iliyowasimamisha hata mbwa wa mtaani. Mafuta aliyajua vizuri. Mama yake ni msusi, na jiko la pale saluni, la kuchemshia maji ya kuchovyea ncha za rasta, hunywa kuliko mjomba wake. Wa kutumwa na kidumu ni yeye, staa asiwe staa.

Mdomo huponza kichwa. Wake uliponza koo. Alipofika kumi na saba akaugua wiki tatu. Koo likapona, noti haikurudi. Albamu ya pili ilikuwa nusu, na kampuni ya muziki ilishasema: bila ile noti, hakuna mkataba.

"Panda," prodyuza alimwambia, ndani ya chumba kilichozibwa madirisha kwa magodoro makuukuu.

"Nimepanda."

"Hiyo ni ngazi ya kwanza, mdogo wangu. Mimi nataka ghorofa."

Alipanda mpaka akakohoa. Basi prodyuza akamrekodi akiimba chini, vile anavyoimba akimsaidia mama yake kusuka, kisha akaivuta sauti juu kwa kompyuta. Ikatoka kama mbu aliyesomeshwa.

"Huyu nani?" mama yake aliuliza alipopelekewa asikie.

"Mimi, mama."

"Usinitanie. Mwanangu namjua hata akipiga chafya."

Filimbi akabeba kidumu, akatoka. Alirudi na macho mekundu, akasingizia moshi wa jiko ambalo lilikuwa halijawashwa.

Sasa, prodyuza yule ana ugonjwa wa kutaja mwisho. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na "Ya Mwisho", "Ya Mwisho Kabisa" na "Ya Mwisho Kweli". Asubuhi ya kupeleka wimbo redioni alikuwa na njaa, akatuma "Ya Mwisho": ile ya chini, haijaguswa.

Alipogundua, ulikuwa umeshapigwa mara mbili. Alimpigia Filimbi kumwomba radhi, lakini simu haikupokelewa; vidole vilikuwa kwenye nywele za mteja, na mteja alikuwa anasema, "Hebu ongeza redio, binti. Huyo anaimba kama mtu aliyekaa akatulia, hadaiwi na mtu."

"Huyo sasa ndiye mwanangu," mama akasema, bila kuinua macho kwenye msuko.

Albamu nzima ikaimbwa chini. Iliuza mara tatu ya ile ya kwanza, na kampuni, iliyosaini haraka, ikadai ilijua tangu mwanzo. Ushindi hauwi yatima.

Akaitwa redioni tena, kwa mtangazaji yuleyule.

"Sauti imeshuka, dada. Na mafuta je?"

"Nimeyasubiri miaka miwili, kaka. Yakaringa, nikatangulia."

Alipotoka alipitia kituo cha mafuta na kidumu chake. Lita ilikuwa elfu tatu na mia nne.