Mtungi wa Gesi na Mashine ya Sweta

Mume wangu alifanya kazi tauni, mjini kati, katika jengo lenye chumba cha kompyuta, na mtaa wetu mzima wa Silanga ulikuwa umechoka kusikia habari za chumba hicho. Si kwamba alizigusa hizo kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuziba matundu. Kila palipopita waya ukutani alishindilia pati, ule udongo laini wa kuzibia, hadi pasipite hata pumzi, kwa sababu moto ukitokea humo haumwagiwi maji, maji yataua mashine. Kengele inalia, watu wanatoka, mlango unafungwa, halafu inafunguliwa gesi. Gesi inazima moto na haiachi hata tone. Lakini chumba kikivuja, gesi inaenda zake na moto unabaki.

Hayo ya mwisho aliyarudia mpaka nikayajua kama Baba Yetu.

Ikafika wakati wakaambiwa gesi ile inaharibu anga, itafutwe nyingine. Ala! Sisi hata choo hatuna, watu wa tauni wanahurumia anga! Mitungi ikang'olewa. Mmoja mdogo, wa kijani, wa kushika kwa mkono, mume wangu akauomba, akauleta nyumbani na kuuning'iniza juu ya mashine yangu ya kufuma sweta.

Nitasema ukweli: mashine hiyo niliipenda kuliko nilivyompenda yeye. Kabla ya kuipata nilifua nguo za watu miaka na miaka. Sasa nilifuma sweta za shule nikiwa nimekaa kwangu, na nyufa za sabuni mikononi zilikuwa zimepona. "Hii pia ni kompyuta," akasema, "lazima ilindwe kama kompyuta." Nilimcheka, lakini nilifurahi, nisidanganye.

Siku ya moto ilikuwa Jumamosi mchana, watoto wako mazoezi ya kwaya. Stovu ya jirani wa ukuta mmoja ililipuka, na kabla hajamaliza kupiga nduru moto ulikuwa umepenya kwetu, umeshika maboksi tuliyobandika ukutani. Wanawake wakakimbilia maji ya bwawani, kule dam, na ndoo. Mimi nikashika mashine upande mmoja.

"Baba watoto, shika huko tuitoe!"

"Toka nje," akasema. "Niachie mimi."

Akafyatua mtungi. Jamani, moto ulizima! Niliuona kwa macho yangu unapanda ukuta, mara hauko. Majirani wakapiga makofi. Nikarudi mbio kuchukua mashine, akanishika mkono, akanitoa, akavuta mlango, akabana kufuli, akauegemea kwa mgongo.

"Hakuna kufungua! Mkifungua, gesi itatoka!"

"Mzee, toa mashine ya mama!" watu wakapiga kelele. "Wee! Toa vitu!"

"Nyinyi hamjui hii kazi!"

Yeye aliijua kweli. Lakini nyumba yetu ilikuwa ya mabati, na kati ya ukuta na paa palikuwa na mwanya ambao paka alipitia akitaka. Niliuona mwanya ule. Nilisimama pale pale nikiutazama, na moshi ukaanza kutoka hapo, kwanza mweupe, halafu mweusi. Chumba kikivuja. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu na sikuyasema. Sijui kwa nini. Alikuwa amesimama vizuri sana, mume wangu, kifua mbele, na watu wote wanamtazama, na kwa miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona hivyo.

Mlango ulipomchoma mgongo ndipo alipotoka hapo.

Kwenye majivu tulikuta sindano za mashine, nyeusi, zimejikunja. Nilichukua watoto nikaenda kwa dada yangu huko Kawangware, nikarudia kufua, na nyufa zikarudi mikononi. Yeye Jumatatu alienda kazini kama kawaida, kuziba matundu. Mpaka leo watu wakiniuliza nawaambia alinifungia mashine ndani ikaungua nikiiona, nao wananihurumia, woiye, wanasema wanaume ni vichwa ngumu.

Hakuna niliyewahi kumwambia kwamba kufuli ile ilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ulikuwa kwangu, umefungwa kwenye pindo la leso.