Mheshimiwa Hawezi Kushindwa na Mbuzi

Mpaka leo nikisikia mtu akitangazwa mgeni wa heshima, huinuka nikatoka nje. Watu hudhani nina mambo ya siasa. Sina siasa yoyote. Ninachokumbuka ni chumba kimoja cha kompyuta mjini Kitui, katikati ya miaka ya tisini, na kibodi iliyonuka mafuta ya nyama wiki nzima hata baada ya kuisugua kwa spiriti.

Nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mashine zetu zilikuwa kuukuu, za skrini ya kijani, na mwenye chuo, tuliyemwita mkurugenzi, alizitunza kama mayai. Kila moja ilikuwa na kifuniko cha kitambaa cha maua kilichoshonwa na fundi wa sokoni. Mlangoni palibandikwa karatasi: VUA VIATU HAPA. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa kila mahali penye kompyuta. Tuliamini kwa dhati kwamba vumbi letu likiingia mle ndani, mashine imekufa. Kwa hiyo nilifundisha watu waliovaa soksi tu, na soksi za mtu aliyetembea kutoka kijijini kwenye joto la Kitui si jambo la kusimulia watu wakila. Nilivumilia kwa sababu sheria ilikuwa ya wote. Hata mkurugenzi alivua, kidole gumba chake kikichungulia kwenye tundu la soksi.

Jioni wanafunzi wakishaondoka, alikuja rafiki yangu, mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya hapo mjini, mwenyeji wa Mbumbuni. Yeye na mimi tulikuwa tunatunga mchezo wa kompyuta. Hakuna aliyetutuma wala aliyetulipa. Sikujua hata kama kuna watu duniani wanaofanya jambo hilo na kuliita kazi. Tulikuwa tumeona michezo ya kupigana na kukimbiza magari, ikatuchosha upesi. Tulitaka mchezo wa kufikiri, ambao mtu angekaa mbele yake akajikuna kichwa, akaondoka, kisha jibu limjie akiwa anapepeta pojo.

Tuliuita Mbui, yaani mbuzi kwa Kikamba. Skrini ilionyesha boma la miiba lenye lango moja, na mbuzi waliotawanyika nje. Kila mbuzi ulimsukuma kwa vitufe vya mishale, naye akishaanza kwenda hasimami mpaka agonge kitu: mwiba, jiwe au mbuzi mwenzake. Ukikosea mpangilio, mmoja anaziba lango na wengine wanabaki nje kwa fisi. Mwenzangu ndiye aliyeandika programu yenyewe. Mimi nilitunga maboma, moja baada ya jingine, kila moja gumu kuliko lililotangulia.

Boma la mwisho nililitoa kwetu Nuu. Mama yangu alikuwa na beberu mmoja mkorofi aliyekuwa wa kwanza kuingia zizini kila jioni, halafu anasimama ndani ya lango na kuwapiga pembe wote wanaomfuata. Tulipiga kelele, tulirusha mawe, wapi! Mama alikuja taratibu, akamshika beberu pembe, akamtoa nje. Mbuzi wote wakaingia, na beberu akaingia wa mwisho akiwa amenuna. Basi kwenye boma langu la mwisho beberu alikuwa tayari ndani, mahali ambapo kila mtu anafurahi kumwona, na hakuna njia ya kuwaingiza wengine mpaka umtoe. Mwenzangu mwenyewe alihangaika nalo siku kadhaa. Alipolipata aliruka kutoka kitini, akapiga kelele hadi muuza mbegu wa chini akaja kuuliza kama kuna nyoka. Sijawahi kufurahia furaha ya mtu mwingine kiasi kile.

Halafu ikaja siku ya kutoa vyeti. Mkurugenzi alikuwa amempata mgeni wa heshima, mtu wa huku kwetu mwenye cheo kikubwa Nairobi, na ilisemekana anatafuta vitu vya kompyuta vya kupeleka katika shule za sekondari. Mkurugenzi aliposikia hayo akaukumbuka mchezo wetu, ambao siku zote aliuita "hiyo michezo yenu ya kumaliza stima." Sasa aliuita "project yetu." Mheshimiwa angeketi, acheze mbele ya watu, apewe disketi aende nayo. Nakiri nilishangilia. Niliwaza wasichana wa Mwingi na Wote wakijikuna vichwa mbele ya beberu wa mama yangu.

Siku chache kabla ya sherehe mkurugenzi alijaribu kucheza. Hakuvuka boma la pili. Akasimama, akajifuta jasho.

"Madam, hii kitu ni ngumu sana. Mheshimiwa atacheza aje?"

"Atajaribu kama watu wengine," nikamwambia.

"Aiya! Ajaribu mbele ya pastor na wazazi na watu wa press? Na akishindwa? Madam, mheshimiwa hawezi shindwa na mbuzi!"

Alitaka mchezo ubadilishwe. Mheshimiwa akibonyeza kitufe chochote, mbuzi waingie wenyewe. Nilidhani anatania. Nikamgeukia mwenzangu tucheke pamoja, nikamkuta anatikisa kichwa kwa kukubali, polepole, kama mzee wa kanisa anayesikiliza mahubiri.

"Inawezekana," alisema. "Ni kuongeza mistari kidogo tu."

Nilimwambia wazi kwamba mchezo wa kufikiri unaojicheza wenyewe ni sawa na kumtafunia mtu mzima chakula na kumtemea mdomoni. Nilisikia kinyaa hasa, cha kimwili, mate yakinijaa. Yeye akasema nisiwe mgumu, kwamba wakubwa wanapelekwa hivyo, kwamba mchezo ukishafika shuleni utakuwa ule wa kweli. Akaniahidi ataiandika hiyo ya mheshimiwa kwenye disketi nyingine, na zile mbili zetu hazitaguswa. Zilikuwa mbili tu, na ndimo mchezo wote ulimokuwa. Mashine zetu hazikuwa na mahali pa kuhifadhi kitu ndani, na karatasi za printa mkurugenzi alizifungia kwa ajili ya vyeti.

Siku ikafika. Uwanjani nyuma ya chuo walifungwa mbuzi wa kuchinjwa, na mheshimiwa alichelewa hadi sala zikaanza kurudiwa. Alipofika akapelekwa kwanza mezani kula, kisha kwetu. Wazazi, pastor, mwandishi wa gazeti, wote walivua viatu na kuvipanga ngazini. Mheshimiwa akasimama mlangoni, akasoma karatasi ile, akainama kutaka kufungua kamba.

"Hapana, hapana, mheshimiwa!" Mkurugenzi alimshika mkono. "Hiyo ni ya wanafunzi. Wewe ingia tu, karibu sana."

Akaingia na viatu vyake vilivyopita katikati ya mbuzi. Kila hatua aliacha kitu kwenye zulia ambalo wanafunzi wangu walilikanyaga kwa soksi mwaka mzima. Akakaa, vidole vyake viking'aa mafuta, akaviweka juu ya kibodi. Mkurugenzi akatabasamu kama bibi harusi.

Mheshimiwa aliitazama skrini kwa muda. Mwenzangu alikuwa amemwekea boma la mwisho, ili ionekane ameshinda kubwa kuliko yote. Nilitazamia aulize abonyeze wapi. Badala yake alisogeza uso karibu na kioo.

"Hii ni boma," alisema. "Hawa ni mbuzi. Na huyu mkubwa hapa kwa gate?"

"Huyo ni beberu," nikajibu.

Akacheka, cheko la mtu aliyekutana na jirani wa zamani. "Huyu namjua! Nilichunga mbuzi mpaka nikaingia Form One. Huyu akikaa hapa hakuna mwingine anaingia. Huyu unamtoa kwanza."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Alikuwa amelipata, kwa kutazama tu, kabla ya kugusa chochote. Akainua kidole kimoja, akakipeleka kwenye mshale wa kutoka nje, akabonyeza.

Mbuzi wote wakajipanga mstari, wakaingia bomani wakipita juu ya beberu kana kwamba hayupo. Mashine ikalia piipii. Yakatokea maandishi yanayowaka na kuzima: HONGERA MHESHIMIWA. Chumba kizima kikapiga makofi. Pastor akasema Bwana asifiwe.

"Ngoja," mheshimiwa alisema. "Mimi sijafanya kitu."

Mkurugenzi akamwambia ameshinda. Akaomba kurudia. Safari hii alibonyeza kitufe kingine, cha kushoto, ambacho kingempeleka beberu ukutani. Mbuzi wakaingia. Hongera, makofi. Akabonyeza kile kirefu cha nafasi. Hongera. Uso wake ukabadilika, na katika uso ule niliona kile nilichokuwa nacho mimi siku zote hizo, karaha.

"Mbuzi hawaingii hivi," alisema. "Hii ni ya kudanganya watoto. Kwa shule nitapeleka nini hapa?"

Nikapenya katikati ya watu. "Mheshimiwa, kuna ile ya ukweli. Hiyo hawaingii wenyewe. Hata jibu lako ndilo lenyewe."

"Basi niwekee hiyo."

Nikamgeukia mwenzangu, nikanyoosha mkono anipe disketi. Hakusogea. Alikuwa anatazama soksi zake.

"Director alisema moja ni ya show na moja ni ya zawadi," alinong'ona. "Hakukuwa na ingine, madam. Niliandika juu ya zote."

Mheshimiwa alitusubiri kwa adabu, kisha akainuka, akajipangusa vidole kwenye kifuniko cha maua na kutoka. Disketi ya zawadi, iliyofungwa utepe mwekundu, aliiacha mezani. Walipokwisha kushuka, mkurugenzi alirudi juu mbio, jasho likimtiririka, akatukemea sote wawili.

"Si mngeiweka ngumu kidogo tu! Kidogo!"

Nilichukua ufagio nikaanza kufagia mavi ya mbuzi kwenye zulia, nikiyafuata kutoka kitini hadi mlangoni. Mwenzangu akaja taratibu na kipande cha boksi cha kuzolea, akachuchumaa mbele yangu. Alisema tutaiandika upya, yeye anaikumbuka karibu yote, tuanze Jumatatu.

Nikamwambia avae viatu vyake, aende.