Siku Niliyokalia Mikono Yangu

Jumatatu, tarehe nane Januari. Mawingu yalitoka upande wa Hombolo tangu alfajiri, yakatutisha, yakapita bila kuacha tone.

Ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu siku ya kwanza ya kazi. Chini yake nikaongeza: "Watoto thelathini na mmoja. Wanaolia kumi na wawili. Mimi nilikuwa karibu kuwa wa kumi na tatu."

Ninyi vijana mnaosomea kufundisha watoto wa awali mmeniomba niwaeleze kazi hii ilivyokuwa kwetu, kando ya mashamba ya zabibu ya Makutupora. Sina hakika kama mmemuuliza mtu anayefaa. Nimesoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililikosa sana wakati wa kuvuna mtama. Kumbukumbu zangu nazo siziamini, ndiyo maana naandika haya daftari likiwa mapajani. Pale mimi na daftari tusipokubaliana, nitalifuata daftari.

Nilikuwa mkata matawi. Mwenyekiti wa kitongoji alinikuta kwenye mistari ya mizabibu, mkasi mkononi.

"Mama Yohana, tumekupitisha kwenye kikao. Utakaa na watoto wadogo uwafundishe."

"Nani alinitaja?"

"Wote."

"Wote huwa hawamtaji mtu. Kuna mmoja alianza."

Akacheka. "Wewe umelea saba. Hao wengine watakushinda nini?"

Nilianza kushuku hapo hapo. Kazi nzuri haizunguki kitongoji kizima ikimtafuta mtu wa darasa la saba. Lakini niseme haki: hakuna mwingine aliyekubali, na mwenyekiti alileta mikeka miwili iliyotoka nyumbani kwake.

Darasa letu lilikuwa banda la kuhifadhia kreti za zabibu. Shule za namna hiyo huitwa shikizi, maana yake haijasimama yenyewe, imeegemea shule mama. Na hiyo shule mama ilikuwa mbali, mtoto wa miaka mitano hawezi kwenda na kurudi kwa miguu. Msimu wa mavuno ukifika kreti zilirudi, sisi tukatoka nje. Zikiondoka tuliingia tena kwenye harufu ya zabibu zilizochacha, na nyigu walihudhuria kuliko wanafunzi.

Mwalimu Mkuu wa shule mama alinipa boksi la chaki na kitabu cha mahudhurio, kile cha kuita majina kila asubuhi.

"Wafundishe kuhesabu, mama."

"Kwa njia gani?"

"Kwa upole," akasema, akawasha pikipiki.

Kwa upole nikafundisha. Asubuhi tuliangalia kucha, tukanywa uji waliopika mama zao kwa zamu, kisha tukahesabu kwa kuimba na kupiga makofi, moja mpaka ishirini. Nilikuwa na zana pia, yaani vitu vya kufundishia: ndoo ya vizibo vya soda, magunzi na mbegu za maboga. Niliifunika vizuri na kuitoa mara chache, kwa sababu vizibo vinapotea. Daftari linasema hivyo: "Leo sikutoa ndoo, vizibo vinapotea." Limesema hivyo kurasa nyingi.

Sasa niwaeleze ujanja wangu. Kwetu mgeni haonyeshwi chungu kitupu. Hata kama umelala na njaa, utatoka kumpokea ukijipangusa mdomo kana kwamba umetoka kula. Basi wageni wakija darasani, mimi nilikaa juu ya kreti kuwaelekea watoto, mikono juu ya magoti, upindo wa kanga ukiificha kwa upande wa wageni. Mgeni akiuliza ngapi, nilikunjua vidole, na watoto walijua pa kutazama.

Ugeni mkubwa ulikuja mwaka wangu wa pili. Tulikuwa tumeomba vitu viwili serikalini: chumba, na mwalimu aliyesomea watoto wadogo. Aliyewaleta wageni kuona hali yetu alikuwa Mratibu Elimu Kata, msimamizi wa shule zote za kata. Wageni walitoka mjini na kamera. Mtu anayempiga mtoto picha kabla ya kumsalimia huwa namshuku, lakini wawili kati yao walisalimia kwanza, nao niwataje.

Mwalimu Mkuu alikuwa ametuambia jana yake, "Kesho msiniaibishe." Tukafagia na kumwagilia, watoto wakapakwa mafuta mpaka wakang'aa.

Mgeni mmoja akamwinamia Yunisi, msichana mdogo mwenye sauti kubwa. "Wenzako kwenye mkeka ule wako wangapi?"

Vidole vyangu vikafunguka juu ya goti.

"Sita!" akasema Yunisi.

Makofi. Kisha darasa zima likaimba mpaka ishirini, kamera zikalia.

"Mama, hapa pamesimama," akasema Mratibu. "Jamani, twendeni penye shida."

Wakaenda. Chumba hakikuja wala mwalimu. Usiku niliandika: "Mwalimu Mkuu ametuuza. Kuna kitu wamepatana." Niliamini hivyo miaka kadhaa, na kila akinisalimia niliitikia nusu.

Yunisi akaenda shule mama. Alipofika darasa la pili nilimkuta likizo akimsaidia mama yake kuvuna. Mama yake akamtuma, "Lete kreti nane." Mtoto akaleta, akaleta, akaleta, mpaka mama yake akamshika bega.

"Bibi Mwalimu!" mama yake akaniita kwa sauti, wanawake wote wakageuka. "Huyu si ndiye aliyewahesabia wageni mpaka akapigwa picha? Njoo umtume kreti nane leo. Ataleta mpaka jua lizame!"

Wanawake wakacheka. Yunisi naye akacheka, kisha akanitazama mikono.

Sikulala vizuri siku hiyo. Kulipokucha nilifungua ndoo. Niliweka vizibo vinne mkekani nikawaambia wahesabu, wakaimba mpaka ishirini. Nilijaribu wiki tatu. Nilikuwa najua kwamba wimbo si hesabu, lakini namna ya kumtoa mtoto kwenye wimbo na kumwingiza kwenye hesabu sikuijua, na upole haukunisaidia. Hapo ndipo nilipoanza kujishuku mwenyewe. Nilikuwa nikiomba mwalimu aje, na wakati huo huo nikijua kwamba akija, mimi narudi kwenye mkasi. Je, vidole vyangu vilikuwa vinamkirimu mgeni, au vilikuwa vinalinda kreti yangu ya kukalia?

Kisha akaja mwanamke kwa bodaboda, viatu vimejaa vumbi, hana msafara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una barua?"

"Sina. Nikitanguliza barua huwa nakuta maua."

"Kitambulisho je?"

Akanipa. Nikakisoma mbele na nyuma, nikilinganisha picha na uso. Alikuwa Mthibiti Ubora wa Shule, mtu ambaye kazi yake ni kuangalia kama watoto wanajifunza kweli. Nilimpa chai, akaikataa, nikazidi kumshuku. Baadaye aliniambia alikuwa na vidonda vya tumbo.

Mwalimu Mkuu akafika akihema, akasimama nyuma yake, akaniinulia nyusi. Niliijua maana yake: usiniaibishe.

Mthibiti aliomba ndoo. Akapiga magoti, akaweka vizibo vinne mbele ya mvulana mmoja, Elia. "Baba, hivi ni vingapi?"

Elia akatazama goti langu. Wenzake wote wakatazama goti langu. Nilivisikia vidole vikitaka kufunguka vyenyewe, kama ng'ombe aliyeona njia ya zizi. Nikavisukuma chini ya mapaja, nikaikalia mikono yote miwili.

Elia akasubiri. Alipoona hakuna kinachokuja, akavuta pumzi na kuimba, moja mpaka ishirini, na makofi yake.

Mwalimu Mkuu akakohoa. Mthibiti hakucheka.

"Anatazama nini pale, mama?"

Ningeweza kusema anaogopa wageni. "Anatazama vidole vyangu," nikasema. "Huwa nawaonyesha. Hata ule ugeni wa mjini niliwaonyesha. Hawa hawajui kuhesabu, nimewafundisha wimbo. Wanahitaji mtu aliyesomea."

"Unajua nikiandika hivyo, na mwalimu akaja, wewe..."

"Najua. Andika."

Alipoondoka, Mwalimu Mkuu alisema mbele ya watoto, "Mama Yohana, umetuvua nguo!"

"Tulikuwa uchi tangu zamani, Mwalimu. Mimi nimechoka tu kushika kanga."

Wiki iliyofuata aliniita ofisini. Nilijua nafukuzwa. Badala yake akafungua faili na kunigeuzia: nakala za barua zake, moja kila muhula, akiomba mwalimu na chumba kwa ajili yetu. Majibu yalifanana yote, kwamba taarifa ya ugeni inaonyesha darasa limesimama. Nilizisoma mpaka mwisho. Nyumbani nikakata yale maneno "ametuuza" kwa mstari mmoja, lakini nikayaacha yasomeke, ili nisije kusahau niliwahi kumdhania nini.

Mavuno mawili yakapita. Vikajengwa vyumba viwili na choo chenye matundu madogo, mtoto asiogope kutumbukia. Akaja Mwalimu Rehema, binti wa mjini, amesomea watoto wadogo. Naye nilimshuku. Wiki nzima watoto walicheza duka, wakapanga mawe makubwa kwa madogo, wimbo hata mmoja hawakuimba. Nilichungulia dirishani nikijiuliza huyu anafundisha saa ngapi.

"Bibi, ingia, usichungulie," akasema. "Nimekosa mteja dukani."

Nikawa mteja. Siku moja mdogo wake Elia alinihesabia vizibo, akigusa kimoja kimoja. "Moja, mbili, tatu, nne." Akanyamaza.

"Endelea," nikamwambia.

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeona vizuri. "Bibi, vimeisha."

Nilirudisha boksi la chaki siku hiyo.

Sasa nimepumzika, na mkasi nimeushika tena kidogo. Mzabibu huelekezwa kwenye waya ungali mchanga. Ukishakomaa, ukiupinda unavunjika. Mashamba yote hapa yanalijua hilo, lakini likija suala la watoto tunaanza kujitahidi mtihani ukikaribia. Mimi naona fedha ya umma ianzie mkekani, kwa mwalimu aliyesomea, wala isisubiri mama yeyote mwenye upole. Labda sielewi mambo ya serikali. Lakini kitongoji jirani watoto wako bandani bado, na kila mkutano wa kijiji nasimama kuwauliza viongozi. Wananijibu, "Lipo kwenye mpango, mama." Nauliza mpango uko faili gani. Siku hizi wakiniona nimeinua mkono, wanatafuta mkono mwingine.

Nanyi, mgeni akiwasifia haraka, mshukuni. Kisha jishukuni wenyewe, mliomwonyesha.

Jioni hii Mwalimu Rehema alipita kunisalimia, tukamzuia ale. Tulikuwa watano: yeye, mwanangu Yohana na mkewe, mimi, na mjukuu wangu Rahabu, ambaye yuko darasa la awali. Nilimtuma Rahabu alete vigoda vya kututosha wote. Akaleta vinne. Nikamtazama Rehema, naye akatazama pembeni.

"Rahabu, sisi ni wangapi?"

"Watano."

"Na vigoda?"

"Vinne. Wewe Bibi umeshakaa."

Tulikula ugali wa uwele na mlenda wa kukausha, uliotiwa karanga.