Inveta ya Babako na Chuchu Mbili za Ndama

Mwanangu Yusuf, weka chini hiyo bisibisi kwanza unywe chai. Kabla hujafunga inveta kwenye gari lako la maziwa, kuna siku moja isiyonitoka akilini nataka uisikie. Babako hajawahi kukuhadithia, na najua kwa nini.

Nilikuwa bado msichana. Nyanya yako, ambaye mimi na kaka yangu, babako, tulimwita Hooyo, yaani mama, alikuwa na pumu. Hospitalini Garissa walimpa mashine ndogo ya kugeuza dawa kuwa mvuke, ile ya kuvalia kifuniko puani na mdomoni. Ikawa dawa yake, ila ilitaka stima ya ukutani, na sisi tulikuwa tunamrudisha nyumbani Diff, njia ndefu ya vumbi isiyo na ukuta wala soketi. Hapo ndipo babako, kijana mwenye pikapu kuukuu ya dizeli na maneno mengi kuliko mafuta, aliposikia habari za inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri ya gari kuwa stima ya nyumbani.

Tukaenda kwa fundi mmoja wa kutoka Meru. Akatoa kisanduku cha chuma, ukubwa wa tofali. Akavuta waya mbili nene kutoka kwenye betri, nyekundu na nyeusi, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, kisha akazipitisha hadi chini ya kiti. Mimi niliinama kuchungulia hadi ushungi wangu ukaingia grisi. Nilitaka kujua betri ya gari inawezaje kutoa stima ya nyumbani, na hiyo stima inalala wapi gari likizimwa. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi siku hiyo nilimchosha fundi wa watu.

Babako yeye alikuwa na swali moja tu. "Fundi, hii inaweza washa tivi?"

"Ndogo itawaka," fundi akasema. "Friji usijaribu. Na gari likizimwa, usiitumie sana, itamaliza betri."

Hooyo, aliyekuwa ameketi juu ya tairi, akainua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini hakikumzuia kuuliza. "Fundi, hii sanduku nakula nini?"

"Inakula betri, mama."

"Na betri nakula nini?"

"Injini ikizunguka, inailisha."

"Na injini?"

"Dizeli."

Hooyo akatikisa kichwa, ameridhika. "Wallahi, kila moja iko na mama yake." Babako na mimi tukacheka. Tuliona ni maneno ya mtu wa ngamia.

Basi tukaondoka. Njiani kifua kilipobana, nilichomeka mashine, inveta ikawaka taa ya kijani, na Hooyo akavuta mvuke huku gari likienda. Ah, mwanangu, nilifurahi! Nilikuwa nikiitazama ile taa zaidi kuliko nilivyotazama barabara.

Tulipopita Dagahaley jua lilikuwa kali, tukasimama kwenye kisima kimoja ili Hooyo apumzike nasi tuswali adhuhuri. Sasa, desturi ya kwetu unaijua. Mwenye maziwa hafuniki chombo mgeni akiwa mbele yake. Watu wa pwani wana msemo kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini sisi jembe tungelitoa wapi? Mchungaji mmoja akaiona taa, akauliza ni nini. Babako akajibu kwa sauti ya kusikika hadi Somalia, "Ni stima, walaal, ndugu yangu! Lete simu yako!"

Zikaja simu kama mbuzi waliosikia maji. Kisha ikaja spika ya madrasa. Kisha vijana wa kibanda cha chai wakabeba runinga yao, maana kulikuwa na mpira. Babako akazima injini asipoteze dizeli, akaketi katikati yao kama bwana harusi. Ningemlaumuje? Kutoa ni moyo, si utajiri, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikipanga waya.

Mpira ulikuwa haujaisha upepo ulipoinuka na vumbi lake. Hooyo akakohoa, akashika kifua. Nikachomoa runinga, nikachomeka mashine. Inveta ikalia piii, ikanyamaza. Babako akazungusha ufunguo, gari likasema tk, tk, basi.

Niliogopa, Yusuf. Mamangu alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, akivuta hewa isiyoingia, na midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Babako akapiga usukani kwa ngumi, akalia waziwazi mbele ya wanaume wenzake.

Yule mchungaji wa kwanza ndiye aliyepiga kelele, "Sukumeni!" Tukampandisha Hooyo kitini, nami nikamshika. Wenye simu wakasukuma, wenye runinga wakasukuma, mwalimu wa madrasa akafunga shuka vizuri akasukuma. Pikapu ikajikokota mchangani, babako akaachia klachi, ikakohoa, ikazima. Wakasukuma tena wakimtaja Mungu. Injini ikanguruma. Nikaisubiri ile taa ya kijani, ikawaka, na mashine ikaanza kuvuma.

Hooyo alivuta mvuke hadi macho yake yakarudi kwetu. Alipoondoa kifuniko, alimtazama babako na wale wageni wote, akasema polepole:

"Sikugombezi kwa kutoa, mwanangu. Uliowapa ndio waliotusukuma. Lakini ngamia ana chuchu nne. Mbili za watu, mbili za ndama. Leo ndama alikuwa mimi, nawe umekamua zote nne."

Babako akashuka, akambusu mkono.

Hooyo aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila akiingia garini alimwuliza babako, "Ndama ameachiwa?" Ndiyo maana hadi leo babako hazimi injini kitu kikiwa kimechomekwa, nawe humcheka ukidhani ni uzee.

Basi nasaha yangu ni hii. Kitu kipya kikija mkononi, usikimbilie kuuliza kinatoa nini. Uliza kinakula nini, na nani anakilisha. Fyuzi iwe karibu na betri, injini izunguke watu wanapochomeka, na chaji ya betri ya kuwashia gari usiimalize kwa ajili ya yeyote. Na wewe mwenyewe, Yusuf, unayekimbilia shida za kila mtu tangu alfajiri, jiulize wewe unakula nini. Toa, mwanangu, usiache kutoa. Ila uwajue walio ndama wako, uwaachie chao kabla hujamwita mgeni.

Mungu akupe mkono usiofunika chombo, na akuachie daima chuchu mbili. Amin. Haya, chukua bisibisi yako twende, nataka kuona hizo waya zinapita wapi.