Nilimhamishia farasi wangu Pugu, mama mkwe akaona aibu mgeni kuja na chakula chake

Wakuu, heshima kwenu, mnaofuga na msiofuga.

Haya yamenikuta mwenyewe na sitii chumvi. Nikitia, mama mkwe atanisuta, maana yumo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Nina farasi. Ndiyo, hapa hapa Dar. Jike, anaitwa Kashata kwa sababu ya rangi yake, kama kashata ya karanga iliyoungua kidogo. Kazi yake ni kubeba mabwana harusi kwenye shughuli na watoto kwenye birthday. Mpole kuliko mume wangu, na mume wangu analijua hilo.

Miaka yote tulimpangia banda upande wa Kunduchi. Mwenye eneo akaamua kujenga apartment, tukaambiwa tuondoke. Mama mkwe, Bi Tatu, ana kiwanja kikubwa Pugu. Akasema mleteni huku, na nyie mje.

Ishu ikawa chakula.

Kule Kashata alizoea hei, yaani majani makavu yaliyofungwa marobota. Pugu ni majani mabichi mpaka uani. Daktari wetu wa mifugo, dada mmoja asiye na utani, alituonya kwamba tumbo la farasi halitaki kushtukizwa. Bebeni hei ya kule, mchanganyie majani mapya kidogo kidogo kwa wiki kadhaa mpaka azoee.

Basi Kashata akaja na Fuso, hei ikafuata na kirikuu.

Sasa hapa niwaeleze wasio na wakwe wa Pwani. Kwa Bi Tatu, mgeni anaweza kuja na sukari, na kanga, na hata mbuzi. Lakini mgeni kuja na chakula chake cha kula mwenyewe ni kuwatangazia majirani kwamba kwa mwenyeji hakuna kitu.

Akasimama mlangoni anatazama marobota yanavyoshushwa.

"Hiki nini?"

"Chakula cha Kashata, mama."

"Kwa hiyo kaja na chakula chake? Kwangu mie? Watu wataniona mtu wa namna gani?"

Nikamweleza maneno ya daktari. Akajibu, "Haya."

Wakuu, "haya" ya mama mkwe msiichukulie kuwa ni ndiyo.

Kesho yake nikaenda kupeleka hatamu kwa fundi viatu, ilikuwa imefumuka. Narudi mchana nakuta shughuli. Marobota yamefichwa nyuma ya choo. Mbele ya Kashata kuna mlima wa majani mabichi, beseni la pumba lililolowekwa, na maganda ya ndizi kutoka kwa majirani. Majirani wenyewe wamekaa mkekani kama waliokuja kumwona mzazi. Bi Tatu kavaa kanga mpya.

"Muone mwenzio anavyokula! Masikini, kumbe mlikuwa mnamshindisha na njaa."

Kilichobaki kwenye beseni kilikuwa kidogo sana. Nikaliondoa, nikasikia mkeka mzima unaguna.

Alasiri Kashata akabadilika. Akawa anaparura chini kwa kwato, anageuza shingo kutazama ubavu wake, analala, anainuka, analala tena. Jasho linamtiririka amesimama kivulini.

Nikampigia daktari. Swali la kwanza: amekunya? Hajakunya. Akasema ondoeni chakula chote, mtembezeni taratibu, asijigaragaze, niko Ukonga nakuja.

Mume wangu alikuwa kazini. Nilikuwa na hasira wakuu, nisidanganye. Maneno yalikuwa yameshapanga foleni mdomoni, yale ambayo ukimwambia mama mkwe huna pa kurudi.

Nikageuka, nikamkuta ameshashika kamba.

"Niachie mie."

Akaanza kumzungusha kiwanja kizima, na ndala zake, machozi yanamtoka hadharani. Anamsemesha: "Nisamehe mama. Mie nilikuwa nakukirimu tu. Tembea mwanangu, tembea." Hasira yangu yote ikaisha. Nikashika upande wa pili, tukatembea naye.

Daktari akaja, akamchoma sindano ya maumivu, akampitisha mpira puani mpaka tumboni, akamimina mafuta. Kisha akatuambia waziwazi kwamba farasi hawezi kutapika, njia ya kutoka ni moja. Ikigoma, hapa mjini hajui pa kumpeleka akapasuliwe.

Tukaendelea kuzunguka. Wale majirani wa maganda ya ndizi wamejipanga kwenye uzio, macho yote kwenye makalio ya farasi. Katika maisha yangu sijawahi kuona watu wazima wakiombea mavi kwa moyo mmoja namna ile.

Jua likiwa limeanza kupungua, mkia ukainuka.

Bi Tatu alipiga vigelegele mpaka jirani wa nyumba ya tatu akatoka mbio kuuliza nani kaposwa. "Hajaposwa mtu! Kashata kaenda haja!" Nilicheka huku nalia. Daktari naye akageukia gari lake akafuta macho, akasema ni vumbi.

Tangu siku hiyo mpishi ni Bi Tatu mwenyewe. Alianza na hei tupu, akawa anachanganya majani kiganja kwa kiganja, na jirani akikaribia na ganda la ndizi anafukuzwa kwa fagio. Sasa Kashata anakula majani ya Pugu na tumbo limetulia.

Nilichojifunza: ukihamisha farasi, hama na chakula alichozoea, ubadilishe polepole. Na yule mwenyeji wako mkabidhi ulishaji tangu siku ya kwanza, awe yeye ndiye anayekirimu. Ukimweka pembeni atatafuta njia yake.

Wenye farasi, punda au ng'ombe mliowahi kuhamisha, tupeni uzoefu wenu.

Bi Tatu yuko hapa pembeni yangu, kanituma niwaulize kitu: farasi anaishi miaka mingapi? Nimemuuliza ya nini. Kasema anataka kujua ni nani atakayemlilia mwenzake.