Jino la Kukatia Uzi

Katika ghala la mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang, hakuna aliyeshona mdomo wa gunia upesi kama Letisia. Shazia, ile sindano kubwa ya magunia, ikishapita mara ya mwisho, wenzake walihangaika kutafuta kisu kilipoangukia. Yeye aliinamisha kichwa, akaung'ata uzi wa katani kwa jino la mbele la juu, akauvuta kwa nguvu, gunia limekwisha. Walimwita Mkasi. Naye jina hilo alilipenda kupita kiasi, mpaka akikawia kuitwa alikuwa anajikohoza ili watu wageuke.

Ufundi huo aliuchukua kwa mama yake. Bibi Kornelia wa kijiji cha Masieda alikuwa mshonaji wa sketi za ngozi zenye shanga, zile za mabinti wa Kiiraqw, na kisu hakikuruhusiwa kukaribia kazi yake.

"Kitaniharibia ngozi," alisema. "Jino langu najua linaishia wapi."

Basi ufizi wa juu ya jino lile ulipovimba, ukawa mwekundu na kutoa damu, Letisia hakuhitaji kufikiri sana. Ni maji. Maeneo yale meno ya kahawia ni jambo la kawaida, maji ya visima huyapaka rangi tangu utotoni. Mama yake alikuwa na meno ya kahawia, na yalilegea yakaanguka moja baada ya jingine kabla hajazeeka, likabaki moja tu. Watu wote walisema ni maji, na Bibi Kornelia mwenyewe alisema hivyo hivyo.

Letisia akakiacha kisima. Kila jioni, mgongo ukiwa bado unauma kwa kazi ya ghalani, alipanda mpaka kwenye kijito kinachoshuka mlimani na kurudi na ndoo kichwani. Mtu mkaidi! Maji ya kijito aliyanywa kweli, na jino likazidi kulegea. Ulimi wake haukutulia, kutwa ulikuwa unalisukuma kulipima. Maumivu aliyaweza. Alichokiogopa ni ule mdomo wa mama yake, uliofichwa nyuma ya kanga kila watu walipocheka. Letisia alikuwa mtu wa kucheka, na kucheka kwa kujificha hakukujua.

Mavuno yalipopungua alipanda basi hadi hospitali ya Haydom. Tabibu wa meno alikuwa Didas, kijana aliyehamishiwa huko kutoka Kagera.

"Ling'oe tu, daktari," Letisia alisema. "Ni haya maji yetu."

Didas alilitikisa jino kwa kidole, akaliangalia kwa kioo kidogo. "Rangi imeletwa na maji, mama, hapo umesema kweli. Lakini maji hayavimbishi ufizi hivi. Na hapa ukingoni jino limechimbika kidogo. Huwa unakata nini?"

Letisia akamweleza habari za katani, tena kwa majivuno. Didas hakucheka. Alikwangua ukoga kidogo penye ufizi, akaupaka kwenye kipande cha kioo pamoja na tone la maji, kisha akampeleka maabara kwenye hadubini. Letisia alianza kwa kufumba jicho lililokuwa kwenye hadubini. Alipolifumbua na kufumba lile jingine, akaona.

Vilikuwa hai! Kulikuwa na vifimbo, na vidonge vilivyoshikana, na vingine vimejisokota kama uzi uliofumuliwa, vinakatiza huku na huku kama watu wa mnadani Katesh.

"Hawa ni wa nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni wa kwako, mama. Wanaitwa bakteria."

Alirudi nyuma ameshika mdomo. Kisha akaomba kuangalia tena, na tena, mpaka mtu wa maabara, aliyeingoja hadubini yake, akaanza kukohoa. Hofu ilikuwa imemtoka. Alishangaa tu kwamba kinywani mwake kulikuwa na umati namna ile, unaishi maisha yake, na yeye alikuwa amesali, ameimba na kusengenya watu bila kuwa na habari nao.

"Wakikaa penye ufizi, mwili unapeleka damu kupigana nao," Didas alisema. "Ndio huo uvimbe."

"Lakini si wako kwenye meno yote? Mbona hili tu ndilo linalegea?"

Didas alilifurahia swali. "Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo za nyama, nyingi mno, na nyuzi zile zinahisi. Ukivuta katani, nyama inajua umevuta upande gani na kwa nguvu kiasi gani, nayo inajibu. Ufizi mzima unavumilia, unajirekebisha. Lakini huu ulishawaka kwa bakteria, na wewe kila siku unauongezea kuni. Nyuzi zinakatika, mfupa unaliwa."

Letisia alilishika jino lake. Maisha yake yote alikuwa ameshona midomo ya magunia.

"Kumbe na mimi nimeshonwa," alisema. "Nani aliyeshona vizuri hivi?"

Didas alimrudisha kwenye kiti cha meno. Alimkwangua ukoga uliokuwa umegeuka jiwe, akamfundisha kupiga mswaki mpaka penye ufizi, na akamkataza uzi. "Linaweza kukazika," alisema. "Siahidi."

Aliporudi ghalani alinunua kisu na kukifunga kiunoni. Wenzake walimcheka kwamba Mkasi umeshika kutu, na kweli alikuwa mzito. Mara nyingi uzi ulifika mdomoni kabla hajakumbuka. Lakini msimu uliofuata damu ilikuwa imekoma, na ulimi ukisukuma, jino lilikataa kusogea.

Krismasi alikwenda Masieda, akamsimulia mama yake yote. Bibi Kornelia alisikiliza, kanga mdomoni.

"Kwa hiyo hayakuwa maji."

"Maji peke yake hapana, mama."

"Ni zile nyuzi za sketi."

Letisia alitamani angeyaacha maji yabebe lawama. Moyo ulimuuma.

Ulimi wa mama yake ulitembea polepole ndani ya shavu.

"Na hili moja lililobaki," aliuliza, "nalo limeshonwa?"

"Limeshonwa, mama."

Bibi Kornelia akaishusha kanga, akafungua mdomo wazi mbele ya mwanawe. "Basi lete huo mswaki."